Google Sheets kama daftari la wajibu kwenye njia ya Lubumbashi–Kasumbalesa

Shaba inayotoka Lubumbashi ina kama kilomita 90 tu hadi Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, lakini kabla haijavuka mpaka imeshapita mikononi mwa watu wengi: mwenye mgodi au kiwanda, msafirishaji, wakala wa forodha ambaye mjini kila mtu humwita transitea, kampuni ya bima, na mnunuzi ambaye ofisi yake huenda iko Uswisi au Dubai. Juu yao kuna DGDA, yaani idara ya forodha ya Kongo, na mfumo wake wa kompyuta wa Sydonia, kuna OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, kuna CEEC, inayothibitisha madini, na vyeti vyake. Kila mmoja ana daftari lake, na mzigo ukichelewa siku nne, kila daftari linaonyesha kwamba mwenye kosa ni jirani.

Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa tatizo ni kinyume: madaftari ni mengi mno. Ndiyo maana makampuni kadhaa yameamua kushirikiana faili moja la Google Sheets, programu ya majedwali ya mtandaoni. Mapitio haya yanaitazama programu hiyo kwa kazi moja tu, nayo ni kujua nani anadaiwa nini na nani, tangu saa ngapi, hadi saa ngapi, na ushahidi uko wapi. Lori liko wapi barabarani ni swali jingine, na vifaa vya GPS hulijibu vizuri zaidi.

Jibu la haraka: kwa washirika watatu hadi sita na malori yasiyozidi mia moja kwa mwezi, inatosha na ni bure. Ila isitumike kama wengi wanavyoitumia sasa.

Kosa lenyewe ni kuweka mstari mmoja kwa kila lori. Kushoto namba ya lori, kisha safu za "mizani", "cheti", "tamko la forodha", "mpaka", na alama ya tiki katika kila kisanduku. Faili la namna hiyo hupendeza kwenye kikao. Lakini kisanduku kitupu chini ya "tamko" hakisemi kitu: je, transitea amelala, au hajapokea cheti cha kufanyia kazi? Saa yake imeanza kuhesabiwa au bado? Anayelisoma hujaza mwenyewe pengo hilo, na hulijaza kwa jina la yule asiyempenda.

Mstari mmoja uwe wajibu mmoja. Lori moja litakuwa na mistari minane au kumi, na hilo si tatizo. Safu zinazohitajika ni hizi: A namba ya mstari, B lori na loti, C anayedaiwa, D anayedai, E tukio linaloanzisha wajibu, F saa tukio lilipotokea, G saa alizopewa, H ukomo, I saa alipotimiza, J kiungo cha ushahidi, K hali. Safu ya E ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mkataba ukisema "transitea ana saa 24", swali la kwanza ni saa 24 kuanzia lini. Kama hakuna anayeweza kulijibu kwa sentensi moja, rudini kwenye mkataba kwanza. Hakuna programu itakayowasaidia.

Ukomo kwenye H2 huandikwa hivi:

=IF(F2="";"";F2+G2/24)

Na hali kwenye K2:

=IF(F2="";"Haijaanza";IF(I2<>"";IF(I2<=H2;"Ametimiza";"Ametimiza kwa kuchelewa");IF(NOW()>H2;"Amevunja";"Inaendelea")))

NOW() ni saa ya sasa. Hali ni tano, wala si mbili. "Haijaanza" humlinda asiyedaiwa bado. "Ametimiza kwa kuchelewa" isichanganywe na "Amevunja", kwa sababu faini ya kuchelewa na haki ya kuvunja mkataba ni vifungu viwili tofauti.

Chukua mfano wa kubuni. Lori limepakiwa Jumatatu saa 16:40. Mgodi una saa 12 za kumpelekea transitea cheti. Transitea ana saa 24 za kusajili tamko na kutoa namba, tangu apokee tiketi ya mizani na cheti, vyote viwili. Tiketi inafika Jumatatu 18:05. Cheti kinafika Jumanne 15:30. Namba ya tamko inatoka Jumatano 11:20. Kwenye faili la mstari-kwa-lori, lori limekaa karibu saa 43 tangu lipakiwe na kisanduku kilichochelewa kujazwa ni cha transitea. Yeye ndiye atakayepigiwa simu. Kwenye daftari la wajibu, saa yake ilianza Jumanne 15:30, ukomo ukawa Jumatano 15:30, na alimaliza akibakiwa na saa 4 na dakika 10. Mgodi ulitakiwa kutoa cheti kabla ya Jumanne 04:40, ukachelewa saa 10 na dakika 50. Tarehe ni zilezile na karatasi ni zilezile, lakini anayelipa faini si yuleyule.

Kuna mtego hapo hapo. Wajibu unaoanzishwa na matukio mawili, watu huuandikia MAX ya saa zake mbili, yaani ile ya mwisho. Lakini kisanduku kimoja kikiwa kitupu, MAX hurudisha kile kilichojazwa, na saa ya transitea huanza kuhesabiwa tiketi inapofika hata kama cheti hakipo. Andika hivi, M na N zikiwa saa za nyaraka hizo mbili:

=IF(COUNT(M2;N2)=2;MAX(M2;N2);"")

Sasa tarehe. Hapa ndipo programu hii inapouma, tena bila kelele. Faili lililoundwa na mtu mwenye akaunti ya mpangilio wa Marekani husoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi. Hilo angalau linaonekana mtu akikagua. Baya zaidi ni 13/04: kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, programu huiacha kama maandishi matupu. Kama mtu ameandika ukomo kwa mkono badala ya kuuacha fomula iuhesabu, NOW()>H2 inalinganisha namba na maandishi, na katika Sheets maandishi huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo jibu ni hapana milele. Wajibu huo hautageuka "Amevunja" hata mwaka upite. Njia ya kuugundua: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Njia ya kuuzuia: kabla ya kuandika chochote, fungua mipangilio ya faili uweke nchi kuwa Ufaransa au nyingine inayoandika siku kabla ya mwezi, kisha uweke kwenye F na I kanuni ya kukagua data inayokataa kisichokuwa tarehe. Ukichagua Ufaransa, fomula hutenganishwa kwa nukta-mkato kama nilivyoandika juu. Ukinakili fomula zenye koma kutoka kwingine, zitakataa.

Mipangilio hiyohiyo ina ukanda wa saa. Lubumbashi iko GMT+2, sawa na Lusaka, Johannesburg na Walvis Bay. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, Dar es Salaam mbele kwa saa moja, na mnunuzi wa Uswisi hubadilisha saa mwezi Machi na Oktoba. Chagua ukanda wa Johannesburg, usichague Athens ingawa nayo huonyesha GMT+2, maana ile hubadilika majira ya joto. Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24. Dereva wa Tanga akisema "saa mbili asubuhi" anamaanisha 08:00, na karani wa Lubumbashi aliyezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa anaweza kuandika 02:00. Saa sita zimepotea na hakuna aliyedanganya.

NOW() nayo, mtu asipogusa mipangilio, hujihesabu upya pale tu faili linapofunguliwa au kuguswa. Chagua ijihesabu kila saa. Kila dakika haina faida hapa na hulemea simu ndogo.

Siku za mapumziko ziwekwe kwenye karatasi ya pili: za Kongo, kama 4 Januari, 17 Januari, 17 Mei, 30 Juni na 1 Agosti, na za Zambia kama 24 Oktoba, kila nchi na safu yake. Kwa wajibu wa siku, mathalani malipo ndani ya siku tatu za kazi, WORKDAY.INTL yenye namba 11 huruka Jumapili peke yake na huacha Jumamosi ihesabiwe. Kwa wajibu wa saa usiitumie, inahesabu siku nzima tu. Na mkataba useme kalenda ya nchi gani ndiyo inayotumika kwa mstari upi. Kalenda ya mpakani si lazima iwe kalenda ya benki.

Uzito uandikwe kwa kilo, si kwa tani zenye desimali. Mizani ya mgodini ikisema 29 850 na ya pili ikasema 29 790, tofauti ni kilo 60, yaani asilimia 0.2. Kwa kathodi za shaba, yaani mabamba ya shaba safi, ambazo hazikauki, tofauti ya namna hiyo ni suala la mizani au la wizi. Kwa haidroksidi ya kobalti, ambayo hupakiwa na unyevu mwingi, sehemu yake inaweza kuwa maji yaliyopungua njiani. Kiwango kimoja cha uvumilivu kwa bidhaa zote mbili ni kutafuta ugomvi. Weka viwili, na kwa kobalti dai kipimo cha unyevu mwanzo na mwisho wa safari.

Nani aandike wapi? Google Sheets huruhusu kufunga safu au karatasi ili ahaririye awe mtu fulani tu. Ni kizuizi cha kuepusha makosa, kisichukuliwe kuwa kufuli: mwenye faili hawezi kufungiwa nje, na asipozuia, yeyote anayeliona anaweza kulinakili. Kufunga mstari kwa mstari hakuwezekani kivitendo daftari likikua. Njia inayofanya kazi ni kumpa kila mshirika fomu yake ya Google Forms. Anajaza namba ya mstari, saa ya tukio, na picha. Majibu huingia kwenye karatasi ambayo hakuna anayeiandika kwa mkono. Daftari kuu huyavuta kwa XLOOKUP, fomula inayotafuta jibu kwa namba ya mstari. Fomu hutia muhuri wa saa yenyewe, ila muhuri huo ni wa saa ya kutuma. Google Forms haifanyi kazi bila mtandao, na dereva aliyefika maegesho ya Kasumbalesa saa 14:00 anaweza kupata mtandao saa 17:00. Kwa hiyo hifadhi saa zote mbili, na mkubaliane mapema pengo la saa ngapi kati yake linahitaji maelezo.

Swali la picha lina kero yake. Fomu ikiomba faili, mjazaji lazima awe ameingia kwenye akaunti ya Google. Madereva wengi wana simu ya Android lakini nenosiri wamelisahau. Matokeo: dereva hutuma picha ya sili kwa WhatsApp, karani anaipakia. WhatsApp huibana picha na kuondoa data za saa na mahali zilizokuwa ndani yake. Dereva aelekezwe kutuma picha kama hati, si kama picha, na data hizo hubaki. Picha ya sili ionyeshe namba yote pamoja na sehemu ya mlango wa kontena au ya turubai; picha ya namba peke yake haithibitishi kwamba sili imefungwa.

Msafirishaji akimpa kazi msafirishaji mdogo, usifute jina lake kwenye safu ya C uandike la mwingine. Yeye bado anadaiwa na mgodi. Ongeza mstari mpya ambamo mdogo anadaiwa na mkubwa, na mistari yote miwili iwe wazi. Kwenye mafaili mengi hili halifanywi, na siku mzigo unapopungua, msafirishaji mkubwa huonyesha kwamba jina lake halipo popote.

Historia ya mabadiliko ni sababu kubwa ya kupendelea Sheets kuliko Excel ya kutumiana kwa barua pepe. Inaonyesha nani alibadilisha nini na lini. Lakini ina mashimo. Mtu akiingia kwa kiungo cha wazi bila akaunti, huonekana kama mgeni asiye na jina. Gawa faili kwa anwani za barua pepe peke yake. Historia ya kisanduku kimoja haionyeshi mabadiliko yaliyoletwa na fomula, wala mistari iliyoongezwa au kufutwa. Na matoleo ya zamani yanaweza kuunganishwa pamoja na Google yenyewe. Kwa ajili hiyo siipendi IMPORTRANGE, fomula ya kuvuta data kutoka faili jingine, ingawa wengi huisifu: kila mshirika anabaki na faili lake, daftari kuu linavuta. Mshirika akirekebisha saa kwenye faili lake usiku, daftari kuu hubadilika kimyakimya na historia yake haimtaji.

Swali gumu kuliko fomula zote ni nani amiliki faili. Mwenye nalo anaweza kulifuta, kulinakili na kumfungia mtu nje. Akiwa transitea, ambaye ndiye mwenye mistari mingi ya kudaiwa, ni sawa na mshitakiwa kuandika kumbukumbu za kesi. Mnunuzi ni bora kidogo, kwa kuwa kwenye safu ya C jina lake hutokea mara chache. Akaunti ya pamoja yenye nenosiri moja ni mbaya kuliko zote, maana historia yote itakuwa na jina moja.

Kinga ya bei rahisi ni Apps Script, programu ndogo inayoandikwa ndani ya faili ijiendeshe yenyewe: kila jioni inageuza daftari kuwa PDF na kuituma kwa washirika wote. Hapo kila mmoja ana nakala kwenye sanduku lake mwenyewe, yenye tarehe ambayo mwenye faili hawezi kuigusa. Akaunti ya bure inaruhusu wapokeaji 100 wa barua pepe za script kwa siku, na kila utekelezaji usizidi dakika 6. Kwa washirika sita ni zaidi ya kutosha. Mambo mawili ya kuangalia: script ina ukanda wake wa saa, tofauti na ule wa faili, na kuubadilisha wa faili hakuubadilishi wa script. Pia kichochezi cha "saa 18" huweza kufyatuka dakika yoyote kati ya 18:00 na 19:00, basi usikitegemee kwa ukomo wa 18:00 kamili.

Kuhusu washindani wake. Kundi la WhatsApp lina kasi na kila mtu analo, lakini ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 na kufutwa kwa wote hata siku mbili baadaye. Litumieni kuitana, msilitumie kuthibitisha. Sili ya elektroniki yenye GPS inajua lori limesimama wapi na mlango umefunguliwa lini. Haijui kwamba lori limesimama kwa sababu cheti hakijafika. Ni chanzo kizuri cha safu ya I kwa mistari ya msafirishaji, basi. Odoo na mifumo mingine ya kuendeshea shughuli za kampuni ni mizuri ndani ya kampuni moja, ila mshirika wa nje huishia kuwa mgeni kwenye nyumba ya mwenzake.

Na mnyororo wa bloku (blockchain), yaani daftari ambalo kila mshirika ana nakala yake? Programu ya aina hiyo, Hyperledger Fabric, ingetatua hasa lile swali la umiliki, kwa kuwa hakuna mmoja anayeweza kubadilisha kumbukumbu peke yake. Lakini kila mshirika lazima akubali kuingia na mtu fulani aitunze mashine. Maersk na IBM walikuwa na TradeLens kwa ajili ya usafirishaji wa kontena duniani. Novemba 2022 walitangaza kuifunga kwa kuwa sekta haikushirikiana kwa kiwango kilichohitajika, na mwanzoni mwa 2023 ikazimwa. Wakala mwenye kompyuta mbili na jenereta asianzie pale.

Gharama: GB 15 za bure, zikichanganywa na Gmail na picha za mwenye akaunti. Picha sita za MB 3 kwa lori ni MB 18, yaani kama malori 830 kabla ya kujaa, iwapo akaunti haina kitu kingine. Ikijaa, fomu hukataa picha, na Gmail ya mwenye faili huacha kupokea barua, pamoja na zile za washirika wanaouliza kwa nini picha zao hazipokelewi. Hamisha picha za miezi iliyofungwa kwenda diski mbili, moja ya mwenye faili na moja ya mshirika mwingine, baada tu ya dirisha la madai la mkataba kupita. Daftari lenyewe halitajaa haraka: kikomo ni visanduku milioni 10, na mistari elfu kumi ya safu kumi na tatu ni visanduku 130 000 tu. Simu ndogo ndizo zitakazolalamika kwanza, kwa hiyo anza faili jipya kila robo mwaka na ufunge la zamani lisomwe tu.